Maisha ya Askofu Josiah Kibira, Aliyekuwa Mwanafunzi Ugenini

Mtu atokaye Korogwe na kushika njia ya kupanda milimani mpaka Lutindi, huikuta huko juu hospitali ya wagonjwa wa akili. Si wachache katika sharika zetu, za Korogwe na hata za Handeni, waliokwisha kumpeleka ndugu huko wakamrudisha ametulia. Lakini ni wachache waulizao kazi ile ilitoka wapi. Ilianza mwaka 1896, kwanza iwe makao ya watoto waliookolewa katika utumwa. Hata mwaka 1904 wakaanza kupokewa watu waliougua akili. Walioijenga walikuwa mashemasi waliotumwa na mahali padogo katika Ujerumani, paitwapo Bethel, karibu na mji wa Bielefeld.

Nataka kuwaeleza habari za mtu aliyeipita njia hiyo kwa upande wa pili. Wale mashemasi walitoka Bethel wakaja kwetu. Yeye alitoka katika nchi yetu akaenda Bethel, wala hakwenda kufundisha bali kufundishwa. Mtu huyo ni Josiah Mutabuzi Isaya Kibira, aliyekuwa baadaye Askofu wa Bukoba. Wengi wanalijua jina lake kwa sababu ya ukubwa alioupata. Mimi nimependa zaidi kueleza miaka yake ya kukaa darasani katika nchi za watu, maana siku hizi kila mwaka naletewa barua za ushuhuda nizitie sahihi kwa ajili ya vijana wetu waendao kusoma ng'ambo, nao wazazi huniuliza swali moja: Je, atarudi? Na akirudi, atakuwa bado mtu wetu?

Kibira alizaliwa Bukoba mwaka 1925. Inafaa tujue kwanza Ukristo wa Bukoba ulivyokuwa, maana haukuanza kama wa Usambara. Huku kwetu wamisionari wa kwanza wa Bethel, Johanssen na Wohlrab, walifika Mlalo mwaka 1891, wakaanza na watu wasiojua neno lo lote la Injili. Bukoba mambo yalikuwa mengine. Wahaya kadha wa kadha walikuwa wamelipata Neno kwa jirani zao wa Uganda, wakawa wakikutana na kusoma wao kwa wao kabla hajafika mmisionari wa Kilutheri. Hata alipofika, mwaka 1910, alikuwa ni yule yule Johanssen wa Mlalo, aliyekwisha kupita Rwanda. Kwa hiyo sharika za Usambara na za Bukoba ni watoto wa nyumba moja, ijapokuwa ziko mbali.

Nyumba hiyo iliachwa bila walezi mara mbili. Vita vya kwanza viliwaondoa wamisionari Wajerumani, wakarudi baada ya miaka. Vita vya pili vikawaondoa tena. Kibira alikuwa kijana wakati huo wa pili. Kanisa la Bukoba likashikwa mkono na Waswidi, lakini kazi ya kila siku ilikuwa mikononi mwa wachungaji na waalimu Waafrika. Mtoto aliyekua katika siku hizo hakuhitaji kuambiwa ya kwamba Kanisa laweza kusimama bila mzungu. Alikuwa ameliona limesimama.

Akasoma, akawa mwalimu wa shule. Katika siku za ualimu wake ule moto wa uamsho uliotoka Rwanda ulikuwa umeenea Bukoba, nao ulimshika. Wazee wetu waliouona uamsho wajua jinsi ulivyokuwa: watu waliungama dhambi zao mbele ya wenzao, waliokosana wakapatana, walioiba wakarudisha, nao wakaitana ndugu pasipo kutazama ukoo. Ulileta magomvi pia, maana wengine waliwahukumu wachungaji wao kwamba hawajaokoka, na mahali pengine Kanisa karibu lipasuke. Kibira alikuwa mtu wa uamsho tangu hapo mpaka kufa kwake, lakini hakuwa miongoni mwa waliotoka. Yafaa jambo hili likumbukwe, kwa kuwa ndilo lililokwenda naye ng'ambo.

Katika miaka ya mwisho kabla ya 1960 akapelekwa Ujerumani, kusoma teolojia katika chuo cha Bethel. Hakuwa mtoto. Alikuwa amepita miaka thelathini, ni mwalimu mwenye heshima kwao, mtu aliyezoea kuulizwa na kujibu. Sasa atazameni mambo yanayompata mtu wa namna hiyo akianza tena kuwa mwanafunzi. Kiingereza chake, alichokipata kwa jasho, hakikumfaa darasani, maana masomo yote ni kwa Kijerumani. Tena asomaye teolojia katika nchi ile hawezi kuendelea pasipo Kigiriki na Kiebrania. Mtu aliyekuwa akiwasahihisha watoto wa watu daftari zao huwa yeye mwenyewe kama mtoto wa darasa la kwanza: hutamka neno na wenzake hutabasamu, hutaka kununua sabuni na ulimi hukwama. Wenzake darasani huwa vijana wadogo kwake, nao husema upesi upesi. Nimewasikia wengi waliosoma nje wakisema ya kwamba katika miezi ya kwanza kichwa huuma jioni, si kwa sababu ya masomo, ila kwa kusikiliza tu.

Mwaka wa masomo katika Ujerumani huanza mwezi wa Oktoba, wakati majani yanapoanguka. Mgeni atokaye kando ya Ziwa Viktoria, ambako mchana na usiku hulingana mwaka mzima, huingia katika nchi ambamo mwezi wa Desemba giza hushuka kabla ya saa kumi na moja ya jioni, wala asubuhi hapapambazuki mpaka saa mbili. Mhaya aliyelelewa kwa ndizi hupewa mkate mweusi wa baridi jioni, na viazi mchana. Haya ni madogo, nanyi mtasema mtu hafi kwa kula viazi. Ni kweli. Lakini madogo yakiwa mengi humlemea mtu, naye aona haya kuyaandika katika barua kwa sababu nyumbani hudhani yuko katika raha.

Lakini Bethel si mahali kama mahali pengine, nami nadhani ni neema ya Mungu kwamba alipelekwa huko wala si katika mji mkubwa wa fahari. Kazi ya Bethel ilianza mwaka 1867 kwa nyumba moja ya wagonjwa wa kifafa. Mwaka 1872 akaja kuwa mkuu wake mchungaji Friedrich von Bodelschwingh. Huyu na mkewe walikuwa wamefiwa na watoto wao wanne, wote, katika siku chache za mwaka 1869. Mtu aliyepigwa hivyo angeweza kujifungia nyumbani kwake. Yeye alifungua milango. Chini ya mkono wake zikaongezeka nyumba baada ya nyumba, mpaka pakawa mji wa wagonjwa, wenye kanisa, mashamba, na karakana zake. Jambo alilolishikilia ni kwamba mgonjwa apewe kazi kadiri awezavyo, asiwe mtu wa kulishwa tu. Hata kazi ndogo sana ilitafutwa: watu wa nchi nzima walipeleka Bethel stempu zilizokwisha kutumika katika barua, nao wagonjwa wakazikata, wakazichambua, zikauzwa. Kazi hiyo ya stempu ilianza tangu mwaka 1888.

Basi mwaka 1905 mzee Bodelschwingh akakifungua chuo cha teolojia mahali pale pale, katikati ya wagonjwa. Alikuwa na shauri lake. Hakutaka vijana watakaokuwa wachungaji wasome habari za Mungu katika vyumba vya vitabu peke yake, mbali na mateso ya wanadamu. Mwanafunzi wa Bethel alipotoka darasani alimkuta njiani mtu aliyeanguka kifafa, naye akajifunza kupiga magoti. Bodelschwingh alikufa mwaka 1910, mwaka ule ule Johanssen alipofika Bukoba.

Hayo yote Kibira aliyakuta. Alikuta na jambo jingine, lililokuwa karibu zaidi na siku zake. Serikali ya Hitler ilikifunga chuo kile mwaka 1939, kisha ikatoa amri ya siri ya kuwaua wagonjwa wasioweza kufanya kazi, ikiwaita watu wasiostahili kuishi. Mwana wa Bodelschwingh, aliyeitwa Friedrich kama baba yake, ndiye aliyekuwa mkuu wa Bethel. Katika miaka ya 1940 na 1941 alikataa kuzijaza zile karatasi za kuwaandika wagonjwa, akabishana na wakubwa, akacheleweshacheleweshe mpaka wengi wakapona. Si wote waliopona. Wagonjwa Wayahudi waliondolewa, wakaenda kufa. Chuo kikafunguliwa tena mwaka 1945, baada ya vita. Kibira alipoketi katika madarasa yake, ilikuwa miaka kumi na kitu tu imepita, na waalimu na wauguzi walioyaona mambo hayo kwa macho walikuwa bado hai.

Twaweza kufikiri neno hili lilivyomwingia Mwafrika. Wazee wake walikuwa wamefundishwa kwamba Injili imetoka kwa watu walioendelea. Sasa yeye yu katika nchi ya watu hao, kati ya nyumba zilizojengwa upya juu ya vifusi vya mabomu, naye asikia yaliyotendwa na watu waliobatizwa. Wala simaanishi kwamba aliwadharau. Hakuwadharau, alibaki rafiki wa Bethel maisha yake yote. Lakini mtu akiisha kuuona udhaifu wa baba yake, huacha kuwa mtoto mdogo, huanza kuwa ndugu.

Kulikuwa na jaribu jingine lililo zito kuliko baridi na viazi, nalo ni darasa lenyewe. Katika vyuo vya Ujerumani miaka ile ubishi mkubwa ulikuwa juu ya mafundisho ya profesa Rudolf Bultmann wa Marburg, aliyeandika tangu mwaka 1941 kwamba habari nyingi za Agano Jipya zimevikwa lugha ya mawazo ya watu wa kale, nayo yapasa kufasiriwa upya kwa mtu wa leo. Wengine walimfuata, wengine walimpinga kwa ukali, wala hapakuwa na mwanafunzi aliyeweza kuuepuka ubishi huo. Sasa mtu wa uamsho, aliyezoea kufungua Biblia yake alfajiri pamoja na ndugu zake na kuomba kwa machozi, afundishwa kuikata Biblia hiyo aya kwa aya, na kuuliza neno hili liliandikwa na nani, na lini, na kwa nini mwinjilisti huyu asema hivi na yule asema vingine. Wako waliovunjika imani hapo. Wako pia waliozibaziba masikio, wakajifunza maneno ya mtihani tu, wakarudi nyumbani kama walivyokwenda, nao hao nadhani walipoteza nauli ya Kanisa.

Kibira hakufanya hili wala lile. Tunalijua kwa matunda yake: alirudi akiwa msomi wa kweli, wala uamsho haukumtoka. Baadaye kama askofu aliweza kuketi na maprofesa, na siku ya pili kuketi na ndugu wa uamsho katika banda la majani, na pande zote mbili wakamwona ni wao. Sijui watu wengi waliojaliwa hivyo. Katika ujana wangu wa uchungaji nilimjua mtu aliyekuwa na elimu kuliko sisi sote, naye hakuweza tena kusali na mama yake kwa lugha ya mama yake. Sikumhukumu, nilimhurumia.

Alipokwisha kurudi akabarikiwa kuwa mchungaji. Lakini masomo yake hayakuwa yamekwisha. Katika miaka ya kwanza baada ya 1960 alikwenda tena, mara hii Marekani, katika Chuo Kikuu cha Boston, akamaliza huko mwaka 1964. Lugha sasa haikuwa taabu, lakini nchi ilikuwa na mambo yake. Ilikuwa ndiyo miaka Wamarekani weusi walipokuwa wakidai haki zao kwa maandamano, na wengine kupigwa na kufungwa, hata sheria ya haki za raia ikatiwa sahihi mwaka huo wa 1964. Na chuo kile cha Boston ndicho alichosoma Martin Luther King, aliyepata udaktari wake huko mwaka 1955. Mgeni mweusi katika nchi hiyo, hata akiwa mchungaji, hakuweza kuyatazama mambo hayo kama mtu atazamaye mvua akiwa ndani.

Na hapa ndipo naona uhodari wake wa mwanafunzi. Wengi waendao mbali huandika juu ya mambo ya huko mbali. Yeye alipopewa nafasi ya kuandika kitabu cha kumaliza masomo, akiwa Boston, aliandika juu ya nyumbani: juu ya Kanisa, na ukoo, na ulimwengu. Aliuliza jambo ambalo kila mwinjilisti wa Handeni analijua bila kwenda chuo kikuu. Mtu wetu akibatizwa, je, ni mali ya nani? Ukoo wamwambia, wewe ni wetu, njoo kwenye tambiko, njoo kwenye mahari, njoo ulipe kisasi. Kanisa lamwambia, wewe ni wetu, njoo Jumapili. Naye huenda pande zote mbili, na moyo wake hukaa kule aliko na nguvu zaidi, yaani kwa ukoo, maana ukoo humzika na kumlishia watoto. Kibira hakusema ukoo ni kitu kibaya cha kutupwa, kama walivyosema wamisionari wengine. Aliona kwamba ule umoja wa ukoo, wa kubebana na kutokuachana, wafaa kulifundisha Kanisa liwe jamaa kweli kweli, lakini jamaa isiyo na mipaka ya damu. Kitabu hicho kilipigwa chapa mwaka 1974.

Nimejiuliza kama angeliweza kuyaona hayo akiwa amekaa Bukoba siku zote. Pengine. Lakini samaki hajui kwamba yu majini mpaka atolewe. Mtu aliyekaa miaka katika nchi ambamo jirani hamjui jirani, na mgonjwa huwa hana wa kumtazama ila akipelekwa mahali kama Bethel, huuona ukoo wake kwa macho mapya. Huiona na minyororo yake pia.

Mwaka ule ule wa 1964 akachaguliwa kushika mahali pa Askofu Bengt Sundkler, Mswidi aliyekuwa profesa wa Uppsala na askofu wa kwanza wa Bukoba tangu 1961. Makanisa yetu yalikuwa yamekwisha kuungana kuwa Kanisa moja la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, tarehe 19 Juni 1963, wakati nchi ingali ikiitwa Tanganyika. Sitaeleza yote ya uaskofu wake, kwa maana yamepigwa chapa mahali pengine; lakini neno la Dar es Salaam sina budi kulitaja.

Mwezi wa Juni 1977 Walutheri wa dunia nzima walikutana Dar es Salaam. Hawakuwa wamewahi kufanya mkutano wao mkuu katika Afrika. Kichwa cha mkutano kilihusu jamii mpya katika Kristo, nacho ni kile kile alichokihangaikia tangu Boston. Wakamchagua Kibira kuwa rais wa Shirikisho la Makanisa ya Kilutheri Ulimwenguni, Mwafrika wa kwanza kukikalia kiti hicho, badala ya Mikko Juva wa Finland. Mkutano huo huo ukatamka kwamba ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini si jambo la siasa tu, bali ni jambo la kuikiri imani au kuikana. Kati ya waliopaswa kulisikia neno hilo walikuwamo Walutheri weupe wa kusini mwa Afrika, watu wa kanisa moja na sisi, wenye asili ya Ujerumani. Rais mpya alikuwa mtu aliyekula mkate wa Wajerumani, aliyeijua lugha yao na nyimbo zao, tena aliyesikia pale Bethel ni nini huwapata watu wakianza kuwapima wanadamu kwa thamani ya damu na nguvu zao. Hakulionea haya neno lile. Mkutano uliofuata, wa Budapest mwaka 1984, ukayasimamisha makanisa mawili ya wazungu wa kusini katika uanachama wao. Huo ndio ulikuwa mwisho wa urais wake.

Katikati ya miaka hiyo vita viliingia mlangoni kwake. Mwezi wa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka yakaitwaa nchi iliyo kaskazini ya mto Kagera, mahali penye washarika wake, watu wakakimbia na kufa, na makanisa yakaharibiwa. Rais wa Walutheri wa dunia alikuwa ana wakimbizi wa kwake mwenyewe.

Waliomwona katika miaka ya mwisho wasema maradhi yalikuwa yamemdhoofisha mwili. Mtu aliyepita nchi nyingi akihubiri alikuwa sasa mtu wa kuhudumiwa, kama wale aliowakuta njiani Bethel alipokuwa mwanafunzi. Alifariki mwezi wa Julai 1988, mwenye umri wa miaka 62. Na huko Lutindi, juu ya Korogwe, wagonjwa wangali wakienda shambani asubuhi na jembe, kila mtu kadiri awezavyo.